Muhuri wa nyama hauoni dawa

Mhariri,

Nyama ya Malindi hupigwa muhuri, nami siudharau. Ila mkaguzi hutegemea macho, mikono na kisu: ataona minyoo ya ini, jipu, tezi zilizovimba. Oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, aliyodungwa ng'ombe juzi haionekani hivyo. Na wapo wafugaji wanaojinunulia dawa dukani, wakadunga wenyewe, mnyama asipopona akakimbizwa machinjioni kabla siku za kungojea dawa itoke mwilini hazijaisha.

Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya vyakula, imeweka kikomo cha mikrogramu 200 za dawa hiyo kwa kilo ya nyama ya ng'ombe, na kuchemsha hakuiondoi yote. Siku hizi kuna vipimo vya kubebeka mkononi: nyama husagwa, maji yake yakadondoshwa kwenye kijiti chenye kingamwili, na mstari ukififia baada ya dakika chache, dawa imo. Si hukumu ya mwisho. Nyama ya kushukiwa bado ipelekwe maabara. Lakini majibu ya maabara pekee yatatukuta tushakula pilau!

Kaunti ya Kilifi ianze kupima wanyama wachache kila wiki. Gharama asibebeshwe mchinjaji, la sivyo watachinjia vichakani.

Mnunuzi wa nyama,
Malindi