Namba peke yake haitoshi kuijua Luger yako

Ujumbe tunaoupokea sana hapa dukani ni huu: "Babu wa mke wangu alirudi na Luger kutoka vitani, namba 4127. Ni ya mwaka gani, na bei yake?" Kwa namba hiyo tu hatuwezi kujibu. Luger ni bastola ya Kijerumani, na zenye namba 4127 ziko nyingi.

Viwanda vya Ujerumani vilihesabu hadi 10,000, vikaongeza herufi a, vikaanza tena na 1. Kisha b, kisha c. Mwaka mpya ukiingia, hesabu inarudi mwanzo. Kwa hiyo 4127, 4127a, na 4127 ya mwaka uliofuata ni bastola tatu tofauti. Herufi hiyo ndogo iko mbele ya fremu, yaani mwili wa bastola, chini ya namba, na ndiyo wateja wengi husahau kutuandikia.

Kingine ni 42, ambayo huwachanganya hata wauzaji. Ikiwa juu ya kile kiungo kinachokunjika kama goti, 42 ni alama ya siri ya kiwanda cha Mauser. Mwaka husomwa juu ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa: 1939, 1940. Baadaye Mauser walibadili alama yao kuwa byf, na mwaka ukabaki tarakimu mbili. Hivyo byf kwenye kiungo na 42 kwenye chemba ni Luger ya 1942. Ukikuta K au G kwenye chemba, usishangae: ni 1934 na 1935.

P38, bastola nyingine ya jeshi la Ujerumani, ni rahisi kidogo kusoma, maana alama za kiwanda na mwaka huwa ubavuni kushoto. ac 43 ni kiwanda cha Walther, 1943. cyq ni kiwanda cha Spreewerk, nayo haina mwaka. Tai mwenye namba ndogo chini yake ni muhuri wa wakaguzi wa jeshi, si namba ya bastola.

Bei sasa. Luger namba 4127 inatakiwa iwe na 27 kwenye vipande vyake vidogo. Kimoja kikisoma 63, kimetoka kwenye bastola nyingine, na wakusanyaji watashusha bei hapohapo. Zilizotekwa na Wasovieti mara nyingi zilifunguliwa, vipande vikachanganywa, zikapakwa rangi upya. Namba iliyokwaruzwa kwa kalamu ya umeme ni dalili mojawapo.

Kabla ya kupiga picha, toa magazini, vuta kiungo nyuma, chungulia chemba. Neno GELADEN (Kijerumani, "imejazwa") likijitokeza juu, kuna risasi ndani. Usiisugue wala kuing'arisha. Rangi ya awali, hata iliyochakaa, ina thamani kuliko mng'aro wa jana. Tutumie picha ya mbele ya fremu, juu ya chemba, juu ya kiungo na pande zote mbili. Iliyofutwa namba hatuipokei kabisa: hapa Marekani kuwa nayo ni kosa la jinai.