Kabla ya kuonyesha filamu ya Merrick hapa Lamu

Mhariri,

Yeyote anayepanga kuonyesha The Elephant Man hapa Lamu, shuleni au uwanjani, tunamsihi asiishie kutafuta projekta na spika. Filamu hii ya mwaka 1980, iliyoongozwa na David Lynch, inatetea utu wa mtu mwenye ulemavu wa sura na mwili. Itakuwa aibu ikiwa wenye ulemavu wa mji huu ndio watakaoshindwa kuifuata.

Kwanza watazamaji waelezwe ukweli. Mhusika anaitwa John, lakini mwenyewe alikuwa Joseph Merrick, aliyezaliwa Leicester, Uingereza, mwaka 1862. Filamu inamwonyesha akiwa mateka wa bwana mlevi anayempiga. Sivyo ilivyokuwa. Merrick alichoshwa na maisha ya nyumba ya maskini, na mwaka 1884 akaamua mwenyewe kujionyesha kwa kiingilio ili ajitafutie riziki. Akiba yake aliibiwa baadaye huko Ubelgiji. Hilo ndilo kosa kubwa la filamu, nzuri ilivyo: imemnyima uamuzi wake, ikambakishia huruma ya daktari. Mwaka 1886 mwenyekiti wa hospitali ya London, Carr Gomm, aliandika barua katika gazeti la The Times, na michango ya wasomaji ikamtunza Merrick hospitalini humo mpaka alipofariki mwaka 1890, akiwa na miaka 27.

Sasa uwanja. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali pa umma, lakini mlango wa ngome ya Lamu, mtu akitaka kuonyesha filamu humo, una ngazi. Kiti cha magurudumu kinataka mteremko wa mbao: kwa kila sentimita 10 za kimo, urefu usipungue sentimita 120, na upana sentimita 90. Ukifupishwa, kiti hubinuka kinyumenyume, kisha watu humnyanyua mtu mzima juujuu mbele ya kadamnasi bila hata kumuuliza. Afadhali Mkunguni, mbele ya ngome, palipo wazi. Njia za kufikia hapo zikaguliwe mchana, mitaro ifunikwe kwa ubao mnene, na punda wasifungwe kwenye vichochoro. Wenye viti wasisukumiwe nyuma kabisa. Iachwe nafasi ya mita moja katikati ya mikeka, wakae na jamaa zao.

Filamu ni nyeusi na nyeupe, yenye vivuli vizito. Taa moja tu ikimulika kitambaa, nusu ya picha hupotea. Ianze baada ya Isha. Kitambaa cha marekani kikazwe juu na chini, maana kusi hukijaza kama tanga na nyuso zikapindapinda. Katika filamu hii uso ndio kila kitu: vipande vya sura aliyovishwa John Hurt, mwigizaji wa Merrick, vilitengenezwa kwa kufuata kalibu za mwili wa Merrick mwenyewe zilizohifadhiwa hospitalini, na kumvisha kulichukua saa saba au nane.

Viziwi wanahitaji wakalimani wawili wa Lugha ya Ishara ya Kenya, wapokezane kila dakika 20, kwani filamu ni ya dakika 124 na mikono ikichoka maana hupotea. Mkalimani asimame ubavuni mwa kitambaa, nguo yake iwe ya rangi moja, na taa ndogo immulike yeye peke yake.

Lililo gumu zaidi ni msimulizi wa kuwaeleza wasioona. Tumezoea wale wa vibanda vya video, wanaotia mizaha na kuzungumza bila kupumua. Hapa mzaha mmoja juu ya uso wa Merrick utaurudisha uwanja mzima kwenye yale maonyesho ya kiingilio. Msimulizi aandike maneno yake mapema na kuyapima kwa filamu yenyewe, ili yaingie pale wahusika waliponyamaza. Wasioona waambiwe nani ameingia, mkono umeshika nini, gunia la kichwani lina tundu moja la jicho. Lakini filamu inauficha uso wa Merrick kwa karibu nusu saa, na msimulizi asiutaje kabla ya wakati wake.

Maandalizi haya yanahitaji wiki mbili, na watumiaji wa viti, viziwi na wasioona waitwe siku ya kwanza, wakati bado panapangwa mahali na saa.

Wapenzi wa filamu,
Mkomani, Lamu