Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: kampuni ikifilisika, madai yetu yasikilizwe wapi?

Mheshimiwa Kamishna,

Salaam kutoka Kigoma. Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa mjini. Nakuandikia kuhusu kifungu kinachokaa mwishoni mwa mikataba mingi ya bima, ambacho mteja hakisomi mpaka siku ya kudai. Kinasema mgogoro wowote utapelekwa badala ya mahakamani kwa msuluhishi, yaani mtu anayechaguliwa kuuamua, na uamuzi wake unawafunga wote wawili. Kampuni ikiwa hai, kifungu hicho kina kero zake lakini kinavumilika. Ikifilisika, kinaweza kuamua nani alipwe na nani akose.

Mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa pale Kibirizi alilikatia Fuso lake bima kubwa. Gari likapinduka njia ya Kasulu. Kampuni, ambayo siitaji, ikakataa kulipa kwa hoja kwamba mzigo ulizidi. Tulipotishia kwenda mahakamani walituonyesha ukurasa wa mwisho wa mkataba, Kiingereza cha herufi ndogo kiasi kwamba ilinibidi nisogee dirishani kuisoma: wasuluhishi watatu, kikao Dar es Salaam, gharama za kuanzia nusu kwa nusu. Jaji analipwa na Serikali. Msuluhishi analipwa na wenye mgogoro. Na Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,200 kutoka hapa. Mama aliniuliza, "Wakili, na hawa wakifunga ofisi wakati mimi bado natafuta hiyo nusu yangu?"

Sikuweza kumpa jibu la uhakika, na ndiyo sababu ya barua hii.

Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 inataka makubaliano ya usuluhishi yaheshimiwe, na mahakama isimamishe shauri lililofunguliwa kinyume chake. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 inakupa wewe mamlaka ya kuingilia kati kampuni inapoyumba. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inazuia mashauri dhidi ya kampuni iliyo chini ya amri ya ufilisi, isipokuwa kwa ruhusa ya Mahakama. Ukiisoma kila moja peke yake inaeleweka. Zikikutana kwenye kampuni moja iliyokufa, kila upande utashika ile inayoufaa. Usuluhishi ni makubaliano ya watu wawili, lakini ufilisi unawagusa wote wanaodai: mfilisi anakusanya mali, anahakiki madai, kisha anagawa kwa utaratibu. Wachache wenye uwezo wakiruhusiwa kutoka kwenye utaratibu huo na kwenda na msuluhishi wao pembeni, mali itakayobaki italiwa na gharama kabla ya mama wa Kibirizi kufikiwa.

Yuko pia mtu ambaye hakusaini chochote. Mwenda kwa miguu aliyegongwa na gari lenye bima ndogo, ile ya kuwafidia wengine, analindwa na Sheria ya Bima ya Magari, inayoitaka kampuni ya bima kulipa fidia ambayo majeruhi amepewa kwa hukumu ya mahakama. Huyo asibanwe hata kidogo na kifungu walichokubaliana watu wengine.

Kinachonisumbua zaidi, Mheshimiwa, ni bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima yenyewe inajikatia kwa kampuni nyingine. Kampuni ya bima ikianguka, sehemu kubwa ya mali yake inaweza kuwa fedha inazozidai kampuni za bima mtawanyo. Lile zuio la Sheria ya Makampuni linaikinga kampuni dhidi ya wanaoidai. Halimsaidii mfilisi pale anapodai yeye. Akienda Mahakama Kuu anaweza kuonyeshwa kifungu cha usuluhishi chenye kikao nje ya nchi, naye hana hata nauli.

Marekani wamelipitia hili kwa uchungu. Mwaka 1937, katika shauri linalojulikana kwa jina la Pink, kampuni ya bima mtawanyo ilijitetea kwamba wajibu wake ni kurejesha kile tu kilichokwisha kulipwa, na iliyofilisika haikuwa imelipa. Mahakama ya Juu ikakubali. Yaani kufilisika kwa mmoja kukawa nafuu kwa mwingine! New York ikalazimika kutunga sheria ya kuliziba pengo hilo. Kuhusu usuluhishi wenyewe, wana sheria ya shirikisho ya mwaka 1925 inayoulinda, na nyingine ya mwaka 1945, McCarran-Ferguson, inayoziachia serikali za majimbo usimamizi wa bima. Mahakama zao za rufani zikagawanyika kuhusu ipi itangulie: mwaka 1992, katika shauri la Bennett, mfilisi aliambiwa anafungwa na kifungu cha usuluhishi, lakini mwaka 1995, katika shauri la Stephens, sheria ya ufilisi ya jimbo la Kentucky ikapewa nguvu juu ya usuluhishi.

Mimi naona Singapore walikaribia zaidi jibu sahihi. Mwaka 2011, katika shauri la Larsen Oil, ambalo halikuwa la bima, Mahakama ya Rufani ilisema madai yanayozaliwa na sheria ya ufilisi yenyewe hayaendi kwa msuluhishi, maana yanawagusa wadai ambao hawakuwa sehemu ya mkataba. Siombi usuluhishi ufutwe. Kampuni mbili zikibishania hesabu za mkataba wa bima mtawanyo, wasuluhishi wenye ujuzi huo wanaweza kuwafaa kuliko mahakama.

Ninachoomba ni uishauri Wizara ya Fedha itoe kanuni inayosema bila kuzunguka: kampuni ikiwekwa chini ya ufilisi, madai ya mteja wa kawaida yanahakikiwa na mfilisi, na kifungu cha usuluhishi kinakoma kwake. Anayetaka usuluhishi dhidi ya kampuni hiyo aombe ruhusa ya Mahakama, na tuzo atakayopata, yaani uamuzi wa msuluhishi, isimvushe mbele ya wadai wenzake. Mikataba ya bima mtawanyo iwe na sharti la kulipa kwa mfilisi hata kama kampuni haijalipa madai, na usuluhishi wake ufanyike nchini. Na madai yapokelewe kwenye ofisi zenu za kanda, ili anayedai kutoka Kibirizi au Kibondo asilazimike kwenda Dar es Salaam kukabidhi karatasi.

Nakala ya mkataba niliousimulia ninayo, na mwenyewe ameridhia uione. Nitaituma siku ofisi yako itakapoihitaji.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Wakili wa kujitegemea,
Kigoma Mjini