Wito wa Harambee: Mnara wa Vijana Wetu wa Vita vya Kagera

Wapendwa washarika, wana wa kijiji mlio mbali na wote wenye mapenzi mema,

Tunawasalimu katika jina la Bwana. Wazee wa usharika, pamoja na majirani zetu Waislamu, tunawaomba mtuunge mkono katika ujenzi wa mnara wa kuwakumbuka vijana wa kijiji hiki waliokwenda Vita vya Kagera wasirudi.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakateka ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera na kubomoa daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo, vijana wa mgambo kutoka huku Mara nao walipanda malori. Wapo waliofika hadi Kampala, iliyotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Wapo walioishia njiani.

Askari wetu zaidi ya 600 wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, katika makaburi yanayotunzwa kwa heshima. Lakini Kaboya iko ng'ambo ya ziwa, na mama aliyekwisha kuvuka miaka themanini hana nguvu wala nauli ya kwenda kumlilia mwanawe. Mmoja wao anayo picha moja tu, aliyoiviringisha katika kanga ndani ya sanduku. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, huitoa akaisimamisha dirishani mpaka jioni.

Majina tunayo katika daftari la zamani la usharika, kwa wino wa buluu uliofifia, na ukurasa wa mwisho umekwisha kuliwa na mchwa. Ndiyo sababu tunaharakisha.

Mnara utasimama chini ya mwembe ulio kati ya kanisa na shule, ili watoto wayasome majina hayo waendapo darasani. Mawe, mchanga na nguvu kazi tumejitolea wenyewe. Tunachopungukiwa ni saruji, nondo, kibao cha marumaru na ujira wa fundi wa kuchonga herufi, kwani hatutaki majina haya yaandikwe kwa rangi itakayofutwa na mvua.

Harambee itafanyika Jumapili ya kwanza ya Juni, baada ya ibada. Mfuko mmoja wa saruji ni mchango, na shilingi elfu moja ni mchango. Walio mbali watoe ahadi zao kwa mhazini. Kila mchango utakatiwa risiti, na hesabu zitasomwa kanisani. Kama ukoo wenu ulipoteza kijana vitani na jina lake halijatufikia, tafadhali lileteni kabla ya siku hiyo, fundi hajaanza kuchonga.