Shokapu hailaumiwi kwa kosa la kimo

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wa magari wa gazeti lako, msomaji mmoja aliuliza kwa nini gari lake, ambalo alilishusha kwa kubadilisha springi, linadunda hata penye lami nzuri na kugonga kila linapovuka tuta. Akajibiwa kwa mstari mmoja kwamba shokapu zimekufa na anunue nyingine. Naomba nafasi ya kuliongezea jibu hilo, kwa sababu nami niliwahi kupewa jibu hilohilo, nikalifuata, na shokapu mpya zikavuja mafuta katika muda mfupi kama zile za mwanzo.

Shokapu zangu hazikuwa na ubovu wowote zilipofungwa, ila zilinyimwa nafasi ya kufanya kazi. Gari likiwa katika kimo cha kiwandani, fimbo ya shokapu husimama mahali penye safari ya kutosha ya kubonyea na ya kunyooka. Ukilishusha kwa sentimita 5 bila kugusa kitu kingine ila springi, sentimita hizo zote unazitoa kwenye safari ya kubonyea, na pengine zinabaki 2 au 3 tu kabla mwili wa shokapu haujaufikia ule mpira wa kuzuia uliovishwa kwenye fimbo. Kuanzia hapo gari halibebwi tena na springi. Linabebwa na kipande cha mpira kilichowekwa kwa ajili ya dharura, na kinapigwa katika kila shimo. Nilipozifungua shokapu kwa mara ya pili niliukuta mpira huo umekuwa bapa, umepasuka ubavuni, na unga mweusi umeganda kwenye fimbo mpaka kwenye sili ya mafuta. Fundi aliyenifungia hakuwa ameutazama hata mara moja, wala mimi sikujua kama upo.

Springi zenyewe zilikuwa zimekatwa duara moja na nusu kwa moto wa gesi. Jambo hili naomba nilisemee kwa uzito wake, kwa kuwa bado linafanywa na watu wanaoamini kwamba wanaokoa fedha. Chuma cha springi hupewa ukakamavu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo, na moto wa kukatia unauondoa ukakamavu huo palepale unapopita. Zaidi ya hapo, ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye sahani yake, na gari likiinuliwa kwa jeki hadi magurudumu yaning'inie, springi iliyofupishwa inalegea na kuweza kuhama mahali pake. Kuna wanaodhani pia kwamba springi iliyokatwa huwa laini zaidi, na ndiyo maana gari linagonga. Ukweli ni kinyume chake: springi yenye duara 6 zinazofanya kazi, ikiondolewa moja, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Tatizo ni kwamba ugumu huo kwa kawaida hautoshi kufidia safari iliyopotea, hivyo dereva anapata hasara zote mbili, ugumu na kugonga.

Dawa ya haki ni seti ya springi na shokapu zilizotengenezwa kwa kimo hicho, au zile za kurekebishwa kwa nati ambazo wengi wetu tunaziita koilova. Hata hapo mtu anahitaji kujua anachokigeuza. Zipo ambazo nati inasogeza sahani ya springi peke yake; ukishusha sahani gari linashuka, na safari ya kubonyea inapungua vilevile kama nilivyoeleza. Zipo nyingine ambazo mwili wenyewe wa shokapu unafungwa kwa nyuzi kama za skrubu kwenye mguu wake wa chini, ukageuzwa ukaingia au ukatoka, kwa hiyo kimo kinabadilika na safari ya fimbo haiguswi, mradi tairi lisigonge fenda. Nimesikia mara nyingi kwamba kuikaza nati ya springi kunaifanya springi kuwa ngumu. Kwa springi ya kawaida iliyokwisha kubeba gari, hilo si kweli: uzito wa gari ni uleule na springi inabonyea kiasi kilekile, ila gari limepanda. Tena kipimo cha nati si lazima kiwe kipimo cha fenda. Ikiwa springi imekaa katikati ya mkono wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na mwili wa gari, kuisogeza sahani sentimita 1 kunalisogeza gari sentimita 2 hivi kwenye gurudumu.

Kupima nako kuna adabu yake. Kimo hupimwa kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, si kutoka ardhini, maana upepo wa tairi na ukubwa wake vinadanganya. Sakafu iwe tambarare, na gari lisukumwe mbele na nyuma baada ya kutoka kwenye jeki, kwa sababu matairi yanayotua yanakamata sakafu na kulizuia gari lisikae chini kikamilifu. Kosa langu kubwa lilikuwa kufuatilia kona moja moja mpaka namba zilingane. Gari ni kama meza ya miguu minne: ukiweka kibao chini ya mguu mmoja, uzito unaongezeka kwenye mguu huo na kwenye ule wa upande wa pili kwa mshazari, na miwili iliyobaki inapunguziwa. Gari langu lilikuwa na namba nzuri za kimo kwenye karatasi, lakini likifungwa breki kwa nguvu lilivuta upande mmoja. Nilipoachanisha kiungo kimoja cha stabilaiza, ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, nikarekebisha pande zote mbili kwa pamoja, kisha nikakirudisha, uvutaji huo ulipungua sana.

Kisha kuna bushi, yaani vipande vinavyokaa kwenye maungio ya ile mikono. Bushi nyingi za mpira zimeshikana na bomba la chuma la ndani, nazo hazizunguki bali hujisokota. Bolti zake zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, mpira unabaki umesokotwa kila saa ambayo gari limesimama chini. Utachanika mapema, na kabla haujachanika unalishikilia gari juu kidogo na kukupa kimo cha uongo. Bolti hizo hukazwa mwisho, uzito wote ukiwa juu ya magurudumu. Ni kazi ya dakika chache inayorukwa kwa sababu si rahisi kuingia chini ya gari lililoshushwa.

Alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, haihitaji maneno mengi, isipokuwa kwamba lazima ifanywe baada ya kila mabadiliko ya kimo, si mara moja tu. Mikono ya chini ikibadilisha pembe, tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu, nazo zinabadilisha yake, na magurudumu ya mbele yanaanza kutazamana au kupeana mgongo. Niliwahi kupitisha kiganja upande wa ndani wa tairi ambalo kwa nje lilionekana jipya, kikakutana na nyuzi za chuma. Nilikuwa nimelaumu mlalo wa tairi, yaani kuinamia kwake ndani upande wa juu, lakini mlalo peke yake hula tairi polepole. Kilichonila mimi kwa kasi ile ni magurudumu kutosimama sambamba.

Yapo mawili yanayowahusu hata watu wasio ndani ya gari hilo. Baadhi ya magari, hasa ya kubeba mizigo, yana vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma, ambayo huongeza nguvu ya breki za nyuma inapohisi kwamba gari limelala kwa mzigo. Gari hilo likishushwa na vali isirekebishwe, inadhani mzigo upo siku zote, na magurudumu ya nyuma yanaweza kukwama kabla ya yale ya mbele. La pili ni taa: nyuma ikishushwa kuliko mbele, mwanga unapanda na kumpiga usoni dereva anayekuja.

Ninalipenda gari langu likiwa chini, na sitaki barua hii isomwe kama hoja ya kupinga kushusha. Ninachoomba ni kwamba msomaji akileta swali kama lile, aulizwe kwanza gari limeshushwa kwa sentimita ngapi, kwa kutumia nini, na safari gani imebaki. Hilo la mwisho anaweza kulipima mwenyewe kabla hajanunua shokapu yoyote, ikiwa fimbo yake inafikika. Afunge kamba ndogo ya plastiki kuizunguka fimbo, aisogeze mpaka iguse mwili wa shokapu, kisha aendeshe kwa uangalifu katika njia yake ya kila siku na aitazame tena akirudi. Kamba hiyo itabaki pale shokapu ilipobonyea mwisho, na kama imesukumwa hadi kwenye mpira wa kuzuia, basi shokapu mpya zitakwenda njia ya zile zangu mpaka kimo kirekebishwe.

Wako msomaji wa siku nyingi.