Balbu tuliifungua, lakini shida ilikuwa kwenye simu

Mama mmoja wa Mbagala alifika dukani kwetu, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na balbu ameifunga ndani ya kanga. Alikuwa ameona video inayosema balbu inaweza kunasa mazungumzo ya ndani. Siri alizompa dada yake peke yake zilikuwa zinamfikia mtu mwingine, neno kwa neno, na usingizi ulikuwa umemruka. Akaomba tuifungue.

Tuliifungua, kwa sababu video ile haikudanganya. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israel, waliielekezea darubini balbu inayoning'inia, wao wakiwa umbali wa mita 25. Sauti ikiigusa balbu, balbu hutikisika kidogo mno, mwanga nao hubadilika. Kompyuta ikayarudisha mabadiliko hayo kuwa sauti. Mwaka 2014 wenzao wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walirekodi video ya pakiti ya krispi nyuma ya kioo kisichopitisha sauti, wakayapata maneno yaliyosemwa karibu nayo. Na mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mbao. Akaitundika nyumbani kwake. Ndani mlikuwa na kinasa sauti kisicho na betri wala waya, kinachoamka pale tu kinaporushiwa mawimbi ya redio kutoka nje. Kilikaa humo hadi kilipogunduliwa mwaka 1952.

Sasa, anayetega hivyo anamtafuta balozi. Anahitaji vifaa vya gharama, nafasi ya kuiona balbu wazi, na chumba chenye sauti ya kutosha. Kwa mama yule kuna pazia, feni na spika ya jirani. Tukamwomba simu.

Kwenye WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, tulikuta kompyuta. Ni ya ofisi aliyoacha kazi. Aliwahi kuiskani ili aprinti stakabadhi, akaondoka bila kuitoa. Kila sauti aliyomrekodia dada yake ilikuwa inafunguka kule. Alikaa kimya kidogo, halafu akaanza kulia, na sisi tukamletea maji.

Simu nyingi tunazoletewa zina jambo la aina hii: mtu aliwahi kuishika simu, au anajua namba ya siri. Kwa hiyo anza na vifaa vilivyounganishwa, usichokijua, kitoe. Piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa namba nyingine. Zikiwa zimeelekezwa, ##002# inafuta. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kwenye mipangilio angalia programu zilizopewa maikrofoni: tochi haina haja ya kusikia. Android kuanzia toleo la 12 huonyesha alama ya kijani juu ya kioo maikrofoni inapotumika, na iPhone huonyesha ya rangi ya chungwa. Ikiwaka hupigi simu wala hurekodi, fuatilia.

Na tafadhali, namba ya NIDA usiitaje kwa sauti ndani ya daladala. Hapo hata balbu haihitajiki.

Mwandishi wa habari, wakili au mwanaharakati ana sababu ya kuhofia zaidi. Programu ya ujasusi kama Pegasus imewahi kuingia kwenye simu bila mwenyewe kubofya chochote. Kwao tunasema wazi kwamba kazi hiyo inatuzidi. Wasasishe simu mara kwa mara na watafute wataalamu wa usalama wa mitandao.

Kukagua hapa ni bure, na simu haiendi chumba cha nyuma, unakaa ukiangalia. Ila kuna kazi tunaikataa kila wiki: kaka au dada anataka tumwekee mwenza wake programu ya kumsikiliza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini, na hata isingekataza tusingeifanya.

Ukihisi anayekusikiliza ni mtu mnayeishi naye, na unamwogopa, njoo peke yako au na ndugu unayemwamini. Usifute kitu kabla hatujaongea, maana ukifuta atajua siku hiyohiyo. Kwanza tujue utalala wapi usiku huo.