Kabla hujachagua cream au bluu, shika ukuta kwanza

Mama kijacho wangu wa Bukoba,

Mwangaluka! Meseji yako niliipata juzi nikiwa kwenye daladala natoka Buhongwa nimebanwa na ndoo za dagaa, nikasema hii siijibu nikiwa njiani, nitakaa niandike vizuri. Umeniuliza chumba cha mtoto upake cream au bluu ya mawingu. Shosti, hilo ni swali la mwisho kabisa, niambie kwanza ukuta wako ukoje.

Unakumbuka mama alivyokuja kukaa kwangu kipindi cha kliniki zake Bugando? Nilitaka akute chumba kizuri, nikanunua ndoo ya rangi ya bei chee, brashi za bei chee, fundi akapaka siku moja akamaliza na kweli kikapendeza. Ilipoingia masika ukuta wa nyuma ukaota malengelenge, rangi ikawa inabanduka kama maganda ya kitunguu na chini yake unga mweupe wa chumvi, pembeni ukungu mweusi, na mama kifua chake unakijua. Iliniuma sana ile, kumlaza mzazi kwenye chumba kama kile. Kumbe shida ilikuwa nje, si unajua huku kwetu Igogo, Mwanza, nyumba zimeegemea mawe, mvua ikinyesha maji yanateremka yanatuama kwenye msingi, na rangi hata iwe ya bei gani haishindani na maji yanayopanda kutoka chini. Nikachimbiwa mfereji mdogo wa simenti maji yapite pembeni, nikauacha ukuta ukauke kiangazi chote Juni mpaka Agosti ndo nikapaka upya.

Kwa hiyo na wewe, na Bukoba mvua mnazijua wenyewe, pitisha kiganja kwenye kuta zote. Kiganja kikitoka na unga, rangi ya zamani imeshachoka, ikwanguliwe kwa skrepa na msasa halafu ipakwe praima, ile rangi ya chini ya kushikilia, usipoiweka hapo rangi mpya itashika ule unga badala ya kushika ukuta. Ukiona ile chumvi, ipigwe brashi kavu, usiioshe kwa maji maana inayeyuka inarudi ndani. Ukungu mweusi unatolewa kwa jiki iliyochanganywa na maji, aoshe shemeji madirisha yakiwa wazi, na asiichanganye na sabuni ya chooni wala dawa nyingine yoyote, inatoa hewa mbaya.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Fremu za dirisha zenye rangi ya mafuta ya zamani usimruhusu mtu azipige msasa mkavu na wewe uko ndani. Rangi za zamani, hasa zile za mafuta zenye njano na nyekundu kali, nyingi ziliwekwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi ambacho ni salama kwa mtoto. Vumbi lake ndo baya. Kama ni lazima zisuguliwe, zisuguliwe zikiwa zimelowa, watu wavae barakoa, vumbi lote lifutwe kwa kitambaa kibichi, na wewe siku hiyo nenda kwa mama mkwe.

Ukutani weka rangi ya maji, ile ya silki inayofutika, mtoto akianza kutambaa utanishukuru. Angalia nembo ya TBS, wale wa viwango, na tarehe kwenye kopo. Rangi nzuri ina gundi ya kutosha, ya bei chee imejazwa chokaa, ndo maana ukiipitishia kitambaa kibichi inatoka yote. Omba dukani wakuonyeshe kipande walichokipaka kikakauka, ukisugue mwenyewe, usione aibu.

Chumba chako umesema mita 4 kwa 3, kwenda juu tuseme 2.7, ukitoa mlango na dirisha unabaki na kama mita za mraba 34, lita moja inapaka karibu 10, mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni lita 7, basi makopo mawili ya lita 4 yanatosha. Nunua yote siku moja yenye namba moja ya bechi, uyachanganye kwenye ndoo moja, la sivyo ukuta mmoja utatofautiana na mwenzake. Na kaa karibu na fundi wakati anachanganya! Wangu wa kwanza alimimina maji mpaka rangi ikawa kama chai ya maziwa, nikaona anabana matumizi kumbe ndo ananiharibia kazi. Asome kwenye kopo, aongeze hicho kiasi tu.

Brashi sasa. Kwa rangi ya maji chukua ya nyuzi za plastiki, za nywele za mnyama zinanyonya maji zinalegea, hizo ni za rangi ya mafuta. Ivute nyuzi pale dukani, zikibaki mkononi irudishe. Rola nayo ioshe kwanza ikamuliwe, itoe manyoya yake huko huko yasije yakagandia ukutani.

Wapake mchana na wamalize kabla giza halijaingia, wakiwasha taa madirisha yako wazi wale wadudu wa ziwani watakuja kama moshi wagande wote kwenye rangi mbichi, mimi niliwabandua mmoja mmoja kwa kibanzi. Baada ya hapo chumba kipigwe hewa wiki kadhaa kabla hamjaingiza kitanda.

Ila wewe brashi usinunue, nimekununulia mbili, ya inchi 2 ya kwenye kona na ya inchi 4, pamoja na rola, nitazituma na meli ya wiki hii, shemeji azifuate bandarini asubuhi. Na mimi ningechukua ile cream.

Wako wa Igogo